Njaa Yangu ya Alfajiri, Njaa Yake ya Jioni

Nyumbani kwetu Kilosa asubuhi haikuwa na mjadala. Saa kumi na moja na nusu uji ulikuwa tayari, na ikifika saa kumi na mbili kila mtu awe amemaliza kikombe chake. Baba alikuwa nyapara wa gengi la reli, kikosi cha watu wanaokagua njia, wanaokaza misumari na kubadilisha mataruma yaliyochoka chini ya reli. Kiberenge chao kiliondoka stesheni nyasi zikiwa bado na umande, na yeye hakutoka nyumbani bila kuona vikombe vitupu. Alivitazama kimoja kimoja. Alikuwa na msemo wake: asiyekula asubuhi anamlia mwenzake kazi.

Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo jepesi. Nilizaliwa na njaa ya alfajiri. Jogoo wa jirani akiwika mara ya kwanza nilikuwa tayari macho, tumbo linaunguruma, nasikiliza mama anavyokoroga chungu. Nilikunywa uji wangu, nikakwangua chungu, na kama kulikuwa na kiporo cha wali wa jana nilikila baridi hivyo hivyo. Siku hizo vitu vilikuwa adimu. Sukari ilikuja kwa foleni, unga ulikuwa ule wa njano wa msaada, lakini mama alitokea familia ya wakulima wa huko Tindiga na mchele haukutupungukia sana. Baba alinisifu mbele ya wageni: "Huyu binti ataweza maisha."

Mdogo wangu wa kike, niliyempita miaka miwili, hakuweza. Mama alimwamsha mara tatu, mara nne. Akikaa kwenye mkeka alikuwa kama mtu aliyeazimwa macho. Alishika kikombe kwa mikono miwili na kukitazama. Akinywa funda moja, anakaa, koo linapanda na kushuka, anajilazimisha funda la pili. Baba alisimama mlangoni na kofia yake ya kazi kichwani.

"Kunywa."

"Baba, tumbo halitaki."

"Tumbo halina mdomo. Kunywa."

Asubuhi moja, nadhani alikuwa darasa la tatu, aliumaliza uji wote haraka ili yaishe, akasimama, akaurudisha wote juu ya sare yake. Mama aliinuka kwenda kuchukua kitambaa. Baba akasema aache, mtoto aifue mwenyewe na aivae. Basi aliifua pale bombani na akaivaa inachuruzika maji, tukaenda shule. Nilitembea kando yake. Hakulia. Alijishika mikono kifuani kwa baridi, maana asubuhi za Kilosa katikati ya mwaka zina baridi yake. Na mimi, badala ya kumhurumia, nilikuwa najisikia vizuri. Nilikuwa mtoto asiye na matatizo. Ni miaka mingi lakini jambo hilo nalikumbuka vizuri kuliko nilivyotaka.

Jioni ilikuwa kinyume chake. Mimi ikifika saa moja usiku nilisinzia na tonge mkononi. Mama aliwahi kunibeba kitandani nikiwa na mchuzi vidoleni. Mdogo wangu ndiyo kwanza alichangamka. Alikula ugali wake, akamaliza wangu, akaomba ukoko, akaanza hadithi za shuleni ambazo asubuhi yake zisingetoka hata kwa mateke. Mama alicheka na kusema kwamba mtoto huyu amezaliwa saa moja usiku na saa yake bado inahesabu kutoka hapo. Ilikuwa kweli amezaliwa saa hiyo. Mimi nilizaliwa alfajiri. Sijui kama hilo lina maana yoyote.

Mwezi wa Ramadhani ndipo tulipolingana, na hata yeye kunizidi. Tulipoanza kufunga, mimi saa nne asubuhi nilikuwa nimeshakwisha. Kichwa kilinigonga, nilikasirika na kila mtu. Mdogo wangu alipitisha mchana mzima kama hakuna kilichobadilika, na kwake kweli hakikubadilika. Magharibi ikifika, yeye na baba walikaa kwenye futari muda mrefu, wakila mihogo na tambi na uji wa pilipili manga, wakizungumza na kucheka. Mwezi huo baba alikuwa mtu mwingine. Sikujiuliza kwa nini. Niliona ni baraka za mwezi.

Mama alifariki mimi nikiwa nimeolewa tayari. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, safari zake zilikuwa za kwenda mpakani na kurudi, na tulihamia Mikumi ili awe karibu na barabara kuu. Ulikuwa wakati wa ruksa. Nauita hivyo kwa sababu ndivyo watu walivyouita. Kila kitu kilikuwa ruksa. Unga wa ngano uliokuwa wa kuomba kwa kujuana ulijaa madukani, mafuta ya kula yalikuja kwa madumu, mitumba ilitandikwa chini kando ya barabara, na mtu yeyote mwenye miti minne na bati mbili alikuwa mfanyabiashara. Na mimi nikasimamisha miti yangu minne, hatua chache kutoka mabasi yanaposimama. Nilianza saa kumi alfajiri: chai ya tangawizi, chapati, vitumbua, supu. Mabasi ya mapema na madereva waliolala Mikumi waliniungisha hadi saa nne, halafu nikapika wali wa mchana, na ikifika saa tisa nilikuwa nimefunga.

Mdogo wangu alinifuata mwaka uliofuata. Alikuwa amebaki na baba Kilosa, na hawakuelewana. Baba alimwita mvivu, akasema hakuna mwanamume atakayeoa mtu anayeamshwa na jua. Yeye aliteremka Mikumi kutoka lori la mkaa lililopitia kijiji cha Ulaya, na begi moja, akanisalimia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana.

Nilimpa kazi ya asubuhi, maana ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Ilikuwa balaa. Alikuja, hilo siwezi kumnyima. Alikuja kila siku, amefumba jicho moja. Aliunguza chapati. Alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, na dereva mmoja akaitema mbele ya wenzake. Nilimpa kitumbua ale apate nguvu, akakiweka mfukoni mwa gauni na kukisahau humo. Siku moja nilisikia mdomo wangu ukisema, "Asiyekula asubuhi anamlia mwenzake kazi." Akaendelea kuosha vikombe.

Mwezi wa pili au wa tatu hivi, alinifuata nikiwa nafunga kibanda.

"Dada, hiki kibanda ukishafunga kinafanya nini?"

"Kinalala. Kama mimi."

"Niachie jioni."

"Jioni nani anakunywa chai?"

"Sitauza chai."

Alikuwa ameona jambo ambalo mimi sikuwahi kuliona, kwa sababu saa hizo nilikuwa kitandani. Madereva wengi hawakupenda kuvuka mbuga ya wanyama giza likishaingia, wakihofia kugonga tembo au nyati. Malori yalipanga mstari pale Mikumi tangu saa kumi na mbili, na watu wake walikuwa na njaa na muda. Alitafuta karai, akatafuta viazi kutoka malori ya kusini, na akaanza kukaanga chipsi. Chipsi zilikuwa kitu kipya kwetu, chakula cha mjini. Baadaye akaongeza chipsi mayai, kisha mishikaki, na ugali wa samaki kwa wazee wasiotaka mambo mapya.

Nilienda siku moja mapema usiku kumtazama. Sikumtambua. Alisimama nyuma ya karai, kanga ameifunga kiunoni, anaita watu kwa utani, anakumbuka nani anataka pilipili na nani hataki, mikono inakwenda bila yeye kuitazama. Na alikuwa anakula. Alikula huku anapika, mshikaki huu, kiazi hiki, na nilipoondoka alikuwa ameketi na sahani kubwa mapajani. Mtu niliyemwita mvivu kwa miezi miwili alifanya kazi hadi saa nne usiku bila kupiga mwayo.

Tangu hapo kibanda kilikuwa na wenyewe wawili. Tulikabidhiana saa kumi jioni, nikishaosha vyombo vyangu, na mara nyingi tuligombana hapo hapo: nani amemaliza mkaa, nani ameacha sufuria inanuka samaki mpaka chai yangu inanuka samaki. Nikilala yeye anaamka kwelikweli, nikiamka yeye amelala fofofo. Tuliishi nyumba moja na kuna wiki tulikuwa tunaonana kwa dakika kumi kwa siku.

Halafu baba akapunguzwa kazi. Si yeye peke yake, walikuwa wengi wakati ule. Gengi lake lilivunjwa, akabaki Kilosa peke yake katika nyumba isiyo na mama. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo aliyekuja Mikumi kununua nguo, alinipa habari: "Mzee wako amekonda. Nenda kamwone." Nilikwenda. Nilimkuta amekaa barazani saa nne asubuhi, kofia ya kazi kichwani. Jikoni kulikuwa na jivu la zamani. Nilifunga mizigo yake siku hiyo hiyo, na hakubisha, jambo lililonitisha kuliko ukondefu wake.

Mikumi nilimwekea utaratibu. Nilijua anavyopenda, au nilidhani ninajua. Nilikuwa natoka kibandani kidogo na kumpelekea chai, chapati mbili na bakuli la supu ya moto saa kumi na mbili kamili, kama zamani. Alimega kipande, akanywa mafunda mawili.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Baba, hujala."

"Nimekula. Mungu akubariki."

Chakula cha jioni nilikiandaa kabla jua halijazama, ili na mimi niwahi kulala. Hapo alikula kidogo zaidi, kwa adabu. Suruali yake ilifungwa kwa kamba. Nilimpeleka zahanati, wakampima malaria, hana. Wakampima na mengine waliyoweza, hana. Mganga akaniambia wazee wakifiwa huwa hivyo, nimpe muda. Nikaamini kwamba ni huzuni ya mama inayomla. Nikaongeza samli kwenye chapati.

Akishaswali ishaa alikuwa anaaga: "Nakwenda kunyoosha miguu." Nilimsikia kwa usingizi akifungua mlango. Sikujua anarudi saa ngapi.

Baada ya wiki kadhaa niliona shingo yake imejaa. Ile kamba ya suruali haikuwepo tena. Nikafurahi, nikajisifu kimoyomoyo kwa samli yangu, wakati kila asubuhi bakuli la supu lilirudi limejaa. Mtu akitaka kujidanganya huwa hakosi njia.

Usiku mmoja mtoto wangu mdogo alipata homa, na dawa ya kushusha homa ilikuwa imeisha. Duka lililokuwa wazi saa hiyo lilikuwa barabarani. Nilimwacha mtoto na mwenye nyumba, nikatoka. Ilikuwa yapata saa mbili na nusu. Kupita kwangu kibandani nikasikia kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu Ramadhani za utotoni.

Baba alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya jiko, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, mbele yake ugali wa kushibisha watu wawili na samaki mzima amebaki mifupa. Mdogo wangu alikuwa anageuza chipsi na kumsimulia jambo. Waliponiona, baba akaifunika sahani kwa mkono kama mtoto.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu wiki ya kwanza," mdogo wangu akajibu. "Alikuja mwenyewe. Akasema nisikwambie, utaumia."

Na kweli niliumia. "Kwa hiyo chakula changu ni kibaya?"

Baba akanawa mikono taratibu. "Chakula chako ni kizuri sana. Ni saa zako tu. Mimi asubuhi sina njaa, mwanangu. Sijawahi kuwa nayo."

"Baba! Wewe?"

"Mimi. Nilipoajiriwa kijana, kila asubuhi nilikunywa chai ya nguvu halafu nikaenda kuitapika nyuma ya stesheni. Siku moja nikaingia njiani na tumbo tupu, jua likanipiga, nikaanguka katikati ya reli na nyundo mkononi. Kiberenge kilikuwa kinakuja. Wenzangu walinivuta. Nyapara wangu akaniambia nikirudia nitamuua mtu. Nikajifunza kumeza. Miaka yote ile nilimeza kama dawa. Nilipopunguzwa kazi, asubuhi ya kwanza nikajisemea, leo sili. Na sikula. Niliona raha, mnajua? Ila jioni za Kilosa sikuwa na wa kula naye, basi nikawa sili kabisa."

Alisema yote hayo akitabasamu, kama mtu anayetua mzigo. Nilikuwa namtazama yeye, ndiyo maana sikuona uso wa mdogo wangu hadi aliposema.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

Baba akageuka.

"Mimi nikikwambia tumbo halitaki, ulikuwa unajua linavyokuwa. Nilidhani hujui. Siku zote nimejiambia, baba hajui, yeye ni mtu wa asubuhi, hawezi kuelewa. Kumbe ulikuwa unajua."

"Nilitaka usije ukaanguka kama mimi."

"Nilikuwa darasa la tatu, baba. Nilikuwa naangukia wapi?"

Akaipua karai na kuliweka chini, chipsi za watu zikiwa ndani, akaondoka kuelekea nyumbani. Wateja wawili walikuwa wanasubiri. Sikujua nifanye nini, nikamalizia kukaanga, nikawapa, kisha nikakimbilia dawa ya mtoto.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mdogo wangu aliendelea kumpikia baba jioni, akamwekea sahani mbele, shikamoo yake ikawa ya kinywani tu. Hakuongea naye neno jingine. Baba alikula na kushukuru. Mimi nilijaribu kumtetea baba. Nilimwambia mdogo wangu kwamba wazazi wa zamani walikuwa hivyo, kwamba alifanya kwa nia njema. Akanijibu, "Dada, wewe ulikuwa unamaliza uji wako. Kaa pembeni kidogo." Nikakaa pembeni.

Ndipo baba akaanza kwenda kibandani saa kumi jioni, wakati wa makabidhiano, akachukua kisu na ndoo na kumenya viazi. Hakuombwa. Alimenya vibaya mwanzoni, viazi vikatoka vidogo kama mayai ya njiwa, na nilimwona mdogo wangu akifumba midomo asiseme. Baada ya wiki maganda yake yakawa membamba. Alimenya hadi magharibi, akaenda kuswali, akarudi kula. Ikawa hivyo kila siku, kwa muda mrefu, bila maneno.

Alhamisi moja nilikuwa bado napanga vikombe vyangu, wao wako nyuma, nikamsikia baba.

"Mama," alimwita hivyo, kwa kuwa mdogo wangu alirithi jina la bibi yetu, mama mzaa baba, "siku ile ya sare niliyokufanya uvae mbichi. Nisamehe."

Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akimwomba mtu msamaha, hata mama. Kwa watu wa rika lake mzazi hakosi mbele ya mtoto. Nilishika vikombe visigongane.

Kisha mdogo wangu akasema, "Nimekusamehe, baba. Lakini usiniambie tena kwamba ilikuwa kwa faida yangu."

"Sitasema."

"Na hivyo viazi, toa macho yake. Wateja hawali macho."

"Haya, mama."

Waliendelea kumenya. Mimi nilichukua vikombe vyangu, nikaenda nyumbani, nikalia kidogo njiani, na sikujua hasa namlilia nani. Baadhi ya machozi, nikisema kweli, yalikuwa ya wivu. Mimi niliyempendeza baba kila asubuhi ya utoto wangu sikuwahi kuwa na mazungumzo kama hayo naye, na nilianza kufikiri kwamba sifa zote zile nilipewa kwa ajili ya tumbo ambalo sikulichagua. Kama ningezaliwa na tumbo la mdogo wangu, sijui nani angetembea kando yangu.

Niliacha kumpelekea supu saa kumi na mbili. Aliamka kwa ajili ya swala, akarudi kulala, jambo ambalo hakulifanya maisha yake yote. Akiamka saa nne alikunywa chai ya rangi tupu, na mchana alikula kidogo, na jioni akala kama kijana. Aliishi nasi karibu miaka saba. Mdogo wangu alikuja kupata chumba cha tofali kando ya barabara, na jokofu la soda, na mume pia, dereva wa basi la usiku ambaye saa zake zilikuwa mbovu kuliko za mke wake. Baba alimwozesha yeye mwenyewe, akavaa kanzu mpya, na harusi ikafanyika jioni.

Alipofariki tulimzika Kilosa, karibu na mama. Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, tukabaki wawili kwenye ile nyumba tukikunja mikeka. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mimi tangu alfajiri nilikuwa nimekula mara mbili na nilikuwa naelekea kuchoka; yeye hakuwa ametia kitu tumboni zaidi ya chai. Kulikuwa na wali na maharage yaliyobaki kwa jirani. Nikapakua sahani moja, tukakaa chini, tukala pamoja. Yeye akaniuliza kwa nini hatujawahi kula saa hii.

Tangu hapo ndiyo saa yetu. Siku za Ijumaa natoka kibandani kwangu, natembea hadi kwake, na tunakula saa tisa. Kwangu ni kama chakula cha mwisho cha siku, kwake ndicho cha kwanza cha maana. Anaongeza pilipili, mimi sipendi, basi anaiweka upande wake.